Siku moja maishani mwangu: kambale wa Jangwani anadai kodi

Saa 11:30 alfajiri

Mvua ya masika imepiga bati usiku kucha. Kabla sijafumbua macho najua kazi ya leo imejileta yenyewe: bonde la Jangwani, hapa Dar es Salaam, limejaa maji. Ukikaa Magomeni huna haja ya kungoja utabiri wa hali ya hewa. Ukisikia bodaboda nje wanabishana bei ya kuzungukia daraja la Salenda, jua Barabara ya Morogoro imefungwa pale bondeni na mabasi ya mwendokasi hayavuki.

Mimi ni mchora vibonzo wa gazeti. Watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda nimeinamia karatasi. Kuchora kwenyewe ni saa mbili tatu tu, na siku ikiwa nzuri hata hazifiki. Muda mwingine wote nawinda wazo, na wazo lina tabia ya kumkwepa anayelikalia mezani.

Nabandika chai, nafungua redio. Watangazaji wa asubuhi wanaperuzi magazeti, mmoja anasoma vichwa vya habari, mwenzake anachagiza. Mimi namsikiliza huyo anayechagiza. Akiguna au akicheka kidogo halafu akajizuia, naandika kwenye daftari, kwa sababu alipojizuia yeye ndipo katuni inapoanzia.

Saa 1:15 asubuhi

Meza ya magazeti, Mapipa. Mzee mwenye meza ametandaza nailoni juu ya magazeti, na wasomaji wake wamejipanga mikono nyuma kama wanakagua gwaride. Hawa hawanunui. Wanasoma kurasa za mbele kupitia nailoni, wanabishana kuhusu usajili wa Simba na Yanga, wanatoa hukumu, wanaondoka zao kazini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Mtaani kwenu maji yameingia?"

"Bado, tunamshukuru Mungu."

Kibonzo changu kinatoka ukurasa wa ndani, kwa hiyo hawa wa kusimama kwa kawaida hawakioni. Ila kikimkosha, mzee hukunja nakala moja nje ndani, akaibana na kibanio cha nguo pembeni ya meza, kila mtu akione. Nimeshasikia maoni mengi ya wataalamu kuhusu kazi zangu, lakini hicho kibanio ndicho ninachokiamini. Leo hakijabana kitu changu.

"Jana umeandika sana," ananiambia huku anahesabu chenji. "Mtu amesimama na mvua, unampa barua asome?"

Kweli kabisa. Mwanasiasa wangu wa jana alikuwa na puto la maneno lililomziba hadi bega.

Saa 3 asubuhi

Kikao cha wahariri, kwangu kinapitia simu. Ajenda: mvua, Bunge, bei ya mafuta, mvua tena. Mhariri wa zamu ananiambia, "Nenda na Jangwani, lakini usinichoree basi linaelea." Namwelewa. Depo ya mwendokasi ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na tangu mabasi yaanze mwaka 2016 maji yameingia pale mara nyingi kiasi kwamba basi linaloelea limeshachorwa na kila mwenye penseli mjini.

Saa 4 asubuhi

Hapa ndipo siku ilipo hasa, basi nikae hapa kidogo.

Nachukua karatasi chakavu, zile zilizochapwa upande mmoja, na penseli 2B. Wazo la kwanza: abiria amevaa miwani ya kuogelea. Natupa. La pili: konda wa mtumbwi anaita "Kariakoo, Kariakoo, wa mwisho huyo!" Nacheka mwenyewe, halafu natupa. Kanuni yangu ni kwamba wazo likija upesi mno, limeshawafikia na wenzangu wote, na kesho tutafanana kama sare za shule.

Nageuza swali. Badala ya kuuliza maji yanatafuta nini barabarani, nauliza barabara inatafuta nini kwenye maji. Msimbazi unatoka milima ya Pugu huko Kisarawe, unashuka kupitia mjini hadi baharini pale Salenda. Hilo bonde ni lake, na sisi ndio tumeingia. Sasa nani azungumze kwa niaba ya mto? Chura? Amechoka, kila mwaka anaitwa. Mamba? Anatisha, na kwenye karatasi ya gazeti meno yake yanageuka nukta nukta. Kambale! Ana sharubu, ana uso wa mtu mzima asiyependa utani, na anaishi kwenye tope kwa raha zake.

Kambale ni mwenye nyumba. Anatoka majini kwenye kituo cha mwendokasi, mkononi bunda zima la funguo, anamkuta abiria amepanda juu ya kiti. Kila mpangaji wa Dar es Salaam anajua kitakachofuata.

Puto la kwanza linasema: "Nyie mmejenga kwenye kiwanja changu bila kuniuliza, sasa nataka kodi yangu ya miezi sita." Namkumbuka mzee na nailoni yake. Nafuta "nyie". Nafuta kiwanja, maana kambale amesimama ndani yake, anaonekana. Nafuta "nataka", kwani funguo zinataka zenyewe. Inabaki: "Miezi sita." Nakaa nayo kidogo. Haijakaa sawa, ni kavu, haina ule upole wa kutisha wa mwenye nyumba anayekuja Jumapili asubuhi. Naongeza neno: "Miezi sita. Nasubiri."

Hapo sawa.

Upole huo nimeujifunza kwa marehemu King Majuto. Vichekesho vyake natazama nikiwa nimezima sauti, nimekaa na daftari. Mwenzake anamaliza kusema, yeye hajibu, anatoa macho tu, na watu sebuleni wameshaanguka kabla hajafungua mdomo. Katuni haina muda wa kunyamaza kama wa jukwaani, inabidi unyamaze kwa nafasi: uache pengo jeupe kati ya nyuso mbili, jicho la msomaji litembee pale katikati na kuchelewa kidogo kufika kwenye maneno.

Saa 7 mchana

Mama lishe wa kona yetu amehamia barazani kwa watu kwa sababu ya maji. Wali maharage, mchicha, kipande cha samaki. Namuuliza mwenye nyumba wake anavaaje akija kudai. "Msuli na fulana ya ndani, atavaa nini tena? Na kandambili." Mezani wanachangia wote, mmoja anasema wake huja na daftari la kaunta, mwingine wake hata salamu haitoi, anakaa tu kwenye ngazi. Nachora chini ya meza kwenye risiti ya luku.

Saa 8 mchana

Wino. Nachora bado kwa karatasi na brashi, tableti ya kuchorea naitumia kuweka rangi na kusafisha tu. Vijana wananicheka, nami nawaacha wacheke. Mstari wa brashi unanenepa na kukonda kwa pumzi ya mkono, na sharubu za kambale bila hilo zingekuwa nyaya.

Jambo ambalo shule haikunifundisha ni kuchorea karatasi ya gazeti. Ile karatasi inakunywa wino. Ukijaza mistari midogo iliyobanana ili kuonyesha kivuli, kesho yake utaona doa. Kwa hiyo maji ya Jangwani siyajazi: mawimbi machache mazito, weupe mwingi katikati, na jicho la msomaji linamwaga maji lenyewe. Rangi nazo naziacha ziwe angavu kuliko ninavyopenda kwenye kioo, maana zikifika mtamboni zinafifia na kuwa tope. Leo tope linafaa, lakini nalitaka kwenye mto, nisilione usoni mwa abiria.

Jina langu nalificha ndani ya mchoro, kwenye kitambulisho cha funguo za kambale. Zamani nilisaini kwenye kona. Katuni ikifika kwenye makundi ya WhatsApp kona inakatwa, na jioni shemeji yako anakutumia kazi yako mwenyewe na maneno "hawa wachoraji wa Kenya hatari sana". Sitaki kuwalaumu sana. Wanayemfikiria ni Gado, mchora vibonzo maarufu, kumbe naye ni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekwenda kuchorea Nairobi mwaka 1992.

Saa 10 jioni

Natuma. Baada ya muda simu.

"Kambale mzuri. Lakini hiyo tai?"

Nilimvalisha tai. Maelezo ya mama lishe yalikuwa kwenye risiti, na mkono ulikwenda kwenye mazoea: mwenye mali, tumbo, tai. Mhariri anasema mwenye tai na tumbo akidai pesa, watu wataanza kumtafuta ni nani, na watampata hata kama sikumweka. Katika magazeti yetu tai moja inaweza kuzaa simu kumi. Siku nyingine ningebishana. Leo yeye ana hofu zake nami nina msuli mezani, basi tai inatoka, kambale anavaa msuli wa mistari, fulana iliyotoboka na kandambili. Samaki na kandambili! Mchoro umekuwa wa kwetu zaidi na mhariri amelala salama.

Nilikuwa na kazi nyingine ya pembeni, kijitabu cha kunawa mikono cha shirika moja, mchoro wa ndoo ileile kwa kila ukurasa. Kodi yangu mimi inalipwa na ndoo hiyo. Nachora kurasa mbili, naachia hapo.

Saa 12 jioni

Mpwa wangu, mtoto wa kaka, amerudi shule. Yuko darasa la sita na ni mfuasi sugu wa katuni za Kijapani. Anamkagua kambale.

"Shangazi, macho madogo. Hana nguvu yoyote?"

"Nguvu yake ni kuvumilia."

"Hiyo siyo nguvu."

Tunahamia kwenye mradi wetu wa jioni, daladala la maboksi. Tunatengeneza mfano wa Chai Maharage, yale magari ya miaka ya 1980 ambayo abiria walikaa wakitazamana. Mimi ninayajua kwa hadithi za baba na picha tu. Boksi la biskuti ndilo bodi, vizibo vya soda ndiyo taa, magurudumu ni kandambili zilizokufa tumezikata duara. Kijana ameweka singeli kwenye simu, kasi yake inatufanya tukate maboksi kama tunafukuzwa. Sehemu ninayoipenda ni maandishi ya nyuma. Nina daftari la maneno niliyonakili kwenye bajaji na kwenye kanga, na kila gari letu linapata lake. Yeye leo hataki msemo, anataka jina la shujaa wake kwa maandishi ya Kijapani. Tunaafikiana: kioo cha nyuma cha kwangu, ubavu wa kwake.

Saa 2 usiku

Chini ya kitanda changu kuna boksi la magazeti ya katuni ya Sani aliyoacha baba. Sani lilianza miaka ya 1970, jina likaunganishwa kutoka kwa waanzilishi wake wawili, Said Bawji na Nico ye Mbajo. Humo wamo kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, mtoto mtundu kupita kiasi. Nampa mpwa wangu nakala moja, nikitegemea ataniambia macho madogo. Anasoma kimya, anafunua, anarudi nyuma. Halafu anauliza: "Huyu Madenge hawezi kupigwa akanyooka?" Wengi wamejaribu, namwambia. Anaomba nyingine.

Mimi nasoma kwa kazi. Wale wachoraji walikuwa na nafasi finyu na uchapaji wa shida kuliko wangu, na bado unamtambua mhusika kwa mgongo wake tu. Nampima kambale kwa kipimo hicho, nafunika uso wake kwa kidole. Kiwiliwili kinadai kodi. Sawa.

Saa 4 usiku

Ujumbe kutoka kwa msanifu kurasa: tangazo limeingia, nafasi yangu imepungua, mchoro wa mlalo unatakiwa uwe wa mraba. Tangazo halina mjadala, ndilo linalolipa mishahara. Ule weupe niliouacha kati ya nyuso mbili ndio unaoliwa. Nafungua tableti, nampandisha abiria juu zaidi, kutoka kwenye kiti hadi kwenye paa la kituo, kambale namwacha chini anatazama juu. Pengo limerudi, safari hii kwa wima, na kusema kweli mwenye nyumba anayetazama juu bila haraka ameongezeka ubaya. Natuma.

Kabla sijazima simu, mhariri ameandika kwenye kundi: Jumamosi ni Simba na Yanga, anataka kibonzo mapema, "kisiegemee upande". Ujumbe umesomwa na watu wa kundi zima, na wawili tayari wamenifuata pembeni, mmoja ananikumbusha niliwahi kuvaa nyekundu kwenye harusi ya dada, mwingine ananiuliza kwa nini Simba wangu huwa mwembamba. Sijachora hata mstari, matusi yameshaanza kuingia.