Siku Tulipofunga Banio Usangu

Mlango wa banio lile, kizuizi cha kugeuza maji ya mto yaingie mferejini, ulikuwa bamba la chuma linalopanda na kushuka kwa skrubu ndefu na gurudumu la mkono. Tangu mradi ukabidhi kazi kwa kijiji, mlango ulipandishwa juu kabisa ukaachwa hapo hapo, masika na kiangazi. Ilikuwa Oktoba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye mmojawapo wa mito inayoshuka kutoka safu za milima na kuingia bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali. Kamati ya maji, baada ya mabishano ya vikao kadhaa, ilikuwa imekubali kuufunga kwa siku tatu, ili maji yabaki mtoni na kuelekea ihefu, kinamasi kikubwa cha bonde hilo. Sisi mafundi sanifu wa umwagiliaji tulikwenda kupima.

Kufunga mlango uliolala miaka si kuzungusha gurudumu tu. Mchanga hujaa chini, kwenye kizingiti, na katika mifereji miwili ya pembeni ambamo bamba linateleza. Ukilazimisha gurudumu kwa bomba la chuma huku mchanga upo, skrubu inapinda, na skrubu ikipinda mlango huo haufungwi tena mpaka apatikane fundi wa kuuvua. Vijana waliingia majini kwa koleo, wakachokonoa kizingiti kwa sululu na kusafisha pembeni kwa panga. Tukapaka oili chafu ya trekta, tukaiacha inywe, kisha tukazungusha robo mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka kutu ilipoachia.

“Huu haujawahi kufungwa, bwana shamba,” mzee wa kamati alisema. “Hata waliotujengea hawakuufunga.”

Kabla ya kuufunga tulipima maji yanayoingia. Hatukuwa na mashine ya kupimia mwendo siku hiyo, tukatumia chungwa. Chungwa ni zuri kuliko kijiti kwa sababu huzama karibu lote, upepo hauliyumbishi. Kwenye kipande kilichonyooka cha mfereji tulipima mita 20, chungwa likachukua sekunde 40, wastani wa mara kadhaa. Huo ni mwendo wa nusu mita kwa sekunde juu ya maji. Chini maji huenda taratibu zaidi, kwa hiyo tulizidisha kwa 0.85. Upana mita 1.6, kina sentimita 40. Jumla kama lita 270 kila sekunde.

Tukafuata mfereji hadi mwisho wake, kama kilomita tano, tukapima tena. Lita 30.

Sababu iliyokuwa ikitolewa kila kikao ni maji ya kunywa: mfereji ukifungwa, watu watakunywa nini? Hoja hiyo ni ya kweli, na hakuna afisa anayeweza kuipuuza mbele ya akina mama wenye ndoo. Lakini fanya hesabu yake. Watu 3,000, kila mmoja lita 30 kwa siku, ni lita 90,000. Lita moja tu kwa sekunde ikitiririka mchana na usiku inatoa lita 86,400. Yaani kijiji kizima kilihitaji kama lita moja kwa sekunde, na ili lita hiyo imfikie mama wa mwisho wa mfereji wa udongo, mto ulikuwa unatoa 270.

Nyingine zilikuwa wapi? Tuliziona kwa macho. Kulikuwa na mabwawa ya wafyatua tofali, bustani za nyanya na vitunguu, na sehemu ng'ombe walipobomoa kingo wakinywa, maji yakatawanyika kuwa dimbwi. Zaidi ya yote kulikuwa na majaruba matupu, yaani vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo, hekta mia na zaidi, yaliyovunwa tangu Juni na bado yamejaa maji na nyasi kwa sababu hakuna aliyeziba vichepuo vya kuingizia maji. Jua la Oktoba Usangu hunyonya kama milimita 6 kwa siku. Kwenye hekta mia hizo ni lita 70 kila sekunde zinazopaa bure. Tena jaruba lisilokauka ndilo linalotunza mpunga mwitu, ule unaotambaa kwa mizizi yake chini ya udongo. Ardhi ikikauka na kupasuka kiangazi chote, kisha ikalimwa, mizizi hiyo hufa mingi. Ikibaki na unyevu, mwenye shamba anajilimia gugu lake mwenyewe.

Wachache walikuwa na sababu ya haraka zaidi. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, ukikauka unakuwa kama saruji, jembe la ng'ombe halipiti. Anayetaka kuanza mapema hulowesha kwanza, na kulowesha mbuga iliyopasuka hunywa milimita 200 na ushei, yaani mita za ujazo 2,000 kwa hekta kabla hata ya kitalu. Anafanya hivyo kwa sababu mpunga wa kwanza kuingia sokoni una bei. Tatizo ni kwamba anaifanya mwezi ambao mto uko chini kuliko miezi yote.

Wengi wetu tuliofundishwa umwagiliaji darasani tuliona banio la zege kama maendeleo yasiyo na mjadala. Usangu inabishana na somo hilo. Banio la kienyeji ni vigingi, matawi, mawe, nyasi na tope. Linavuja. Kiangazi sehemu ya mto inapenya na kwenda kwa walio chini. Masika mafuriko yanalibeba lote, maji mengi yanapita kwenda ihefu, na wakulima wanalijenga upya. Kazi ya kuchosha, kweli. Banio la zege lina kizingiti kinachovuka mto mzima, halivuji, na mto ukipungua tone la mwisho linageukia mfereji. Ramani yake huwa na mlango wa pili, wa kurudisha maji mtoni na kusukuma mchanga. Hapa mbao za mlango huo zilikuwa zimezibwa kwa magunia na udongo mfinyanzi, kazi safi kabisa. Na kamati ilikuwa na hati ya haki ya maji, imelipiwa, yenye kiasi kilekile cha lita kwa sekunde mwaka mzima. Aliyelipia lita zake haoni kwa nini Oktoba azichukue pungufu.

Wabaluchi, wahamiaji wenye asili ya Baluchistani, ndio waliopanua mpunga wa mifereji hapa enzi za ukoloni, katika nchi ya Wasangu. Baadaye likaja shamba kubwa la serikali la Mbarali miaka ya 1970, kwa msaada wa China, reli ya TAZARA, wahamiaji kutoka nyanda za juu, wafugaji kutoka kaskazini, kisha shamba jingine kubwa la mpunga, Kapunga. Kufikia wakati ule, mwaka wa mvua nzuri, mpunga wa bonde ulifika kama hekta 40,000. Maji yote yanayobaki huingia ihefu, na ihefu inamwagika kwenda Hifadhi ya Ruaha juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mwamba huo, hakuna kinachotoka, hata kama ndani bado kuna maji ya kuzamisha mtu. Ili kiangazi itoke nusu mita ya ujazo kwa sekunde, inahitaji kuingia kama mita 7 za ujazo kwa sekunde, kwa sababu jua linakula nyingine njiani. Kuanzia 1993 mto Ruaha Mkuu, unaotoka ihefu, ulikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi.

Mlango ulifika chini karibu saa sita mchana. Ulivuja kidogo pembeni, tukaziba kwa magunia ya mchanga, tukafungua mbao za upande wa mto. Maji yaliingia kwenye mchanga mweupe yakaanza kwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Mchanga mkavu hunywa kwanza. Povu la mbele linasimama, linatafuta bonde, linasogea tena. Hadi jioni lilikuwa limekwenda kilomita tatu hivi.

Asubuhi lilifika kwenye banio la kijiji kinachofuata, la vigingi na nyasi. Watu wale hawakuwa wameona maji mtoni tangu Agosti. Hakuna aliyewaambia kuwa haya ni ya ihefu, wala kikao chao hakikuwa sehemu ya makubaliano. Kabla ya saa tatu walishaleta majani na tope, wakalikaza banio, na mto chini yake ukarudi kuwa mchanga.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya juu ya mto alipopata habari alicheka, lakini si kwa furaha. “Kwa hiyo tumefunga ili jirani alime vitunguu.”

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo naona alikuwa sahihi kuliko ripoti yetu. Kufunga banio moja bila zamu ya mto mzima ni kuhamisha maji kutoka jaruba hadi jaruba. Lawama kubwa za nchi wakati ule zilikuwa kwa wafugaji. 2006 waliondolewa bondeni kwa nguvu, na mto uliendelea kukauka.

Siku ya tatu mlango ulipandishwa tena, ila haukupandishwa wote. Walikubaliana mizunguko minne ya gurudumu, wakapaka rangi nyekundu kwenye skrubu pale ilipoishia, na gurudumu likafungwa kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo alipewa mama mmoja wa mwisho wa mfereji, kwa hoja kwamba yeye ndiye wa kwanza kujua maji yakipungua. Kuhusu visima vya pampu ya mkono, ambavyo vingewezesha mfereji kufungwa kabisa kiangazi, kikao kilikwama kwenye swali la nani atanunua mipira ya pampu ikichakaa.