Siku ya bamvua: siku moja ya mkufunzi, darasani na shambani kwa mwani

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kuwasha jiko naangalia jedwali la maji nililolibandika nyuma ya mlango. Mwezi ni mpevu, bamvua limefika, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kutoka sana, na maji yatakuwa yametoka kabisa saa 4 na dakika 20 asubuhi. Nafundisha baiolojia katika chuo kidogo huku kusini mwa Unguja, na siku kama hii ratiba ya ofisi ya taaluma inasogea kuipisha ratiba ya bahari. Nachemsha maji, najaza chupa mbili, natia penseli tatu mkobani. Kalamu ya wino nimeshaacha kuichukua pwani. Chumvi na maji havina urafiki na wino.

Saa 1 na nusu. Wanachuo wa stashahada mwaka wa kwanza. Leo ni usanisinuru, na sikutaka waishie kwenye mchoro wa jani. Nimekuja na ndoo ya maji ya bahari yenye vishada viwili: mwani mwembamba, *Eucheuma denticulatum*, na mwani mnene, *Kappaphycus alvarezii*. Ndoo inazunguka meza kwa meza. Binti mmoja wa safu ya nyuma anauliza, "Mwalimu, mizizi yake iko wapi?" Swali zuri kuliko nililokuwa nimeliandaa. Hauna mizizi. Unafyonza virutubisho vyake majini kwa mwili mzima, ndiyo maana unaota ukiwa umefungwa tu kwenye kamba, na ndiyo maana maji yakiharibika hauna pa kukimbilia. Dakika 20 zilizobaki tumezimalizia hapo.

Saa 3. Chai ya rangi na chapati kantini, tumesimama. Fomu ya nauli imesainiwa kwa watu wawili, sisi tuko wanne. Tunachanga. Naandika hili kwa sababu watu wakisikia neno utafiti hufikiria magari na mashine. Kwetu ni daladala, mzani wa kuning'iniza, kipimajoto kimoja, na wanachuo watatu wa mwaka wa pili waliojitolea siku zao za bamvua tangu muhula uanze. Mmoja wao ni mtoto wa Jambiani, kijiji tunakokwenda, na mama yake analima mwani.

Saa 4. Jambiani. Maji yamekimbia mbali, mchanga unang'aa, na kinamama wameshaingia mashambani na kanga zao zimefungwa kiunoni. Kilimo hiki kilianza hapa na jirani Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Bibi anayetuazima sehemu ya shamba lake alikuwepo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja na jua lenu leo."

Jua ni kweli. Naingiza kipimajoto kwenye dimbwi lililobaki kati ya vigingi: nyuzi 34. Tunatembea hadi ukingoni, ambako maji yanabaki kiunoni hata bamvua likiwa kubwa: nyuzi 30. Hatua mia chache tu, bahari ileile.

Jaribio letu ni jepesi. Siku 15 zilizopita tulifunga vishada vya gramu 100 kila kimoja, vingine kwenye maji mafupi, vingine huku ukingoni. Leo tunavipima. Kijana mmoja anafungua kishada, anakikung'uta mara tatu (tumekubaliana mara tatu, si nne, ili maji yanayobaki yawe sawa kwa vyote), anakitundika kwenye ndoano, sindano inacheza kisha inatulia. Mwenzake anaita namba, wa tatu anairudia kwa sauti, mimi naandika. Mwembamba wa maji mafupi: 180. Mnene wa maji mafupi: 112.

Kishada hicho cha 112 nimekishika kwa muda. Tawi lilikuwa la kijani iliyokolea, halafu kama urefu wa kidole kutoka kwenye fundo rangi inakatika ghafla na nyama inakuwa nyeupe, laini, kama mshumaa ulioanza kuyeyuka. Ukibonyeza, linakatika hapohapo. Juu yake zimeota nywele nyembamba za mwani mwingine, zimeukaba. Bibi alikuwa ananiangalia.

"Huo umeshakwenda, mwanangu. Mnene haukai tena huku. Zamani tulikuwa tunauvuna hapahapa."

Mnene ndio wenye bei nzuri. Utomvu wake, karajinani, ndio unaogandisha na kushikanisha vitu vingi vinavyouzwa madukani, kuanzia dawa ya meno hadi aiskrimu. Anapoukosa, mkulima anabaki na mwembamba anaoubeba kichwani kwa bei ndogo. Kwa hiyo tunaposema "nyuzi 34" ni vyema tujue tunazungumzia mfuko wa nani.

Tunamalizia ukingoni. Mnene: 151. Bibi anacheka kwa mara ya kwanza leo, kisha anauliza lile linalomkaa moyoni: "Na asiyejua kuogelea afanyeje huko?" Wanachuo wananyamaza. Wengi wa wakulima hawa ni wanawake, wengi hawajafundishwa kuogelea, na maji yakirudi yanarudi upesi. Naliandika swali hilo kwenye daftari lilelile la namba, kwa sababu ni sehemu ya matokeo.

Kamba moja tumeikuta tupu. Samaki aina ya tasi wamekula vyote, vimebaki vifundo. Inaandikwa hivyo: imeliwa. Haifutwi.

Saa 7 na nusu. Chuoni. Sala, wali kwa maharage, nguo kavu.

Saa 8. Maabara. Oveni ya kukaushia sampuli imekufa tangu Novemba, kwa hiyo vijana wamejenga chanja nyuma ya jengo, la nyavu na miti. Kusema kweli imetufaa: mwani wa kwenye chanja unakauka bila mchanga, na ndivyo wakulima wanavyoshauriwa kukausha.

Saa 10. Hesabu ya kasi ya kukua. Nataka waifanye kwa mkono kwanza. Gawanya 180 kwa 100, chukua logi asilia yake, halafu gawanya kwa siku 15: asilimia 3.9 kwa siku. Mnene wa maji mafupi haufiki hata asilimia 1. Wa ukingoni unakaribia 2.8. Mtoto wa Jambiani amepata 0.76, akarudia, akapata 0.76, akaweka penseli chini. "Mwalimu, mama huwa anasema umelala." Nimemwambia aandike neno hilo pembeni ya namba.

Jioni ofisi yangu ina foleni: mmoja ana sapu ya kemia, mwingine hajalipiwa ada na anataka barua, wa tatu amekuja kukaa tu kwa sababu amefiwa na babu yake. Huyo nimemkalisha muda mrefu kuliko wote.

Saa 2 usiku. Nasoma kidogo. Profesa Keto Mshigeni aliuandikia mwani wa pwani hii tangu miaka ya 1970, kabla shamba la kwanza halijaanzishwa. Dk. Flower Msuya, akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, alijaribu na wakulima nyavu za mirija kwenye kina kirefu, ili mnene upate maji ya baridi zaidi. Kazi yetu ni ndogo mbele ya hizo. Lakini ni ya Jambiani, ya msimu huu wa kaskazi, na ukurasa wake wa kwanza nauandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, usomwe barazani kwa bibi kabla haujatumwa kwingine kokote. Kichwa nimekibadilisha mara tatu. Cha sasa: "Mnene umelala wapi, na umeamka wapi". Chini yake nimeweka swali la kuogelea, maana sina jibu bila mtu wa kuwafundisha, na kesho nitamfuata mwalimu wa michezo.

Saa 4 usiku natuma ujumbe kwenye kundi la darasa: "Kesho maji yanatoka saa 5 kasoro dakika 5. Kipindi cha saa 4 kinahamia saa 1 kamili asubuhi. Njooni na viatu vya pwani."