Siku kumi na mbili Iten

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi tulikuwa kando ya barabara pale Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, wanariadha wanane na mwalimu wetu, tumevaa kila nguo tuliyotoka nayo Dar es Salaam. Giza lilikuwa bado. Tulianza kusikia miguu kabla hatujaona mtu, kisha ukungu ukatoa kundi la watu hamsini au zaidi, kimya, kila mmoja akipumua mvuke. Walikwenda taratibu mno, hata mwenzetu wa mita 800 akaninong'oneza: "Hawa ndio wenyewe?"

Mwalimu akatuashiria tuingie nyuma. Tukaingia.

Safari hii tuliichangia mwaka mzima. Kila mmoja alikuwa anatoa chochote mwisho wa mwezi, wazee wetu wakaongeza, chuo kikatupa kosta na dereva. Siku ya kwanza tulilala Arusha. Asubuhi tukavuka Namanga, pasipoti mkono mmoja, kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkono mwingine, na jioni tukawa Nakuru. Kati ya Nairobi na Nakuru barabara inapita ukingoni mwa Bonde la Ufa, na dereva alisimama bila kuombwa. Ukiangalia chini unaona mashamba madogo kama viraka vya kanga na mlima Longonot umekaa peke yake katikati. Sikupiga picha hata moja pale, nilikuwa nimeduwaa. Za Ikweta ninazo nyingi, kila mtu mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini, muda mfupi kabla ya kufika Timboroa. Tukapita Eldoret, na kilomita kama thelathini na tano mbele lango likatokea juu ya barabara, lenye maandishi yanayomkaribisha mgeni kwenye makao ya mabingwa.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi tunafanyia mazoezi mahali ambapo ukimaliza mizunguko yako unaweza kwenda kuogelea. Mwalimu alituweka wazi tangu kwenye gari: hewa ya juu imepungua mgandamizo, kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo, na mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, lakini kazi hiyo huhitaji wiki tatu au zaidi. "Siku kumi na mbili hazitawabadilisha damu," alisema. "Nimewaleta muone watu wanavyoishi."

Asubuhi ile ya kwanza sikuona. Nilikuwa najisikia vizuri, mwendo ulikuwa mwepesi, na baada ya kilomita tatu nikatoka pembeni nikaanza kupita watu. Wenzangu wawili wakanifuata. Tumelelewa hivyo. Simulizi ya kwanza anayopewa mwanariadha anayejiunga na timu yetu ni ya Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola: alishika mbele tangu mwanzo, akakimbia peke yake huku John Walker wa New Zealand akimfukuza mpaka utepe, na saa ikasimama kwenye 3:32.2, rekodi ya dunia. Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kujaribu kukimbia kama Bayi.

Wale wa mbele walikuwa wakipeana ishara, mkono unashuka kando ya nyonga, kidole kinaelekea chini. Sikujua maana yake. Mguu wangu ukaingia kwenye shimo, nikapepesuka, na nilipojaribu kurudi kwenye mwendo mapafu yakagoma. Kundi lote likanipita kwa kasi ileile ya taratibu. Kijana mmoja akageuza kichwa: "Pole pole, Tanzania. Leo ni ya kupona. Wacha miguu iamke kwanza."

Mchana, tukinywa chai ya maziwa, tukafafanuliwa. Jumanne watu wanakwenda uwanjani, wengine wanashuka Tambach kwenye njia ya udongo. Alhamisi ni fatleki, dakika ya kasi na dakika ya kuvuta pumzi ukiwa mwendoni. Jumamosi ni mbio ndefu. Siku nyingine zote ni za kwenda pole bila kuona haya, kula ugali na sukuma wiki, na kulala mchana. Hicho cha kulala ndicho kilichotushinda kuamini. Sisi mchana tuko darasani au tunatembea mjini, halafu tunashangaa muda hauteremki.

Alhamisi nikajua kwa nini wanalinda miguu yao. Zaidi ya watu mia walikusanyika kwenye njia ya vumbi jekundu, mabingwa wenye majina na vijana wenye raba zilizotoboka, Wazungu wachache kati yao. Saa ya mtu wa mbele ikalia na kundi zima likaruka kwa pamoja. Nilihesabu dakika sita za kasi kisha nikaachwa. Dada mmoja wa timu yetu, wa mita 5000, alimaliza zote na kundi la wanawake. Aliporudi alikaa chini akalia, na alipoulizwa akasema hana maumivu yoyote, amefurahi tu. Nami nilifurahi, mpaka leo nikimwona nakumbuka.

Jumapili tulitembelea shule ya St. Patrick's. Bradha Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika pale mwaka 1976 kufundisha jiografia akaishia kulea wakimbiaji. Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988, alisoma pale. David Rudisha, ambaye mita 800 alizimaliza kwa 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, ni mwanafunzi wake Bradha. Nilitarajia kuona majengo makubwa na mitambo. Ni shule tu, yenye nyasi na miti.

Tulipotoka tukamkuta mzee amekaa kwenye benchi nje ya duka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akacheka kwa furaha, akasema shikamoo haisikiki sana huku juu, hawa lazima ni wa Tanganyika. Nilipomwambia tunakimbia, alitaja jina kabla sijamaliza sentensi: Bayi. "Siku hiyo Jipcho wetu alikuwa wa tatu. Tulikuwa tumezunguka redio." Akaendelea na Juma Ikangaa wetu, jinsi Ibrahim Hussein wa Kenya alivyompita kwenye marathoni ya Boston mwaka 1988 kwa sekunde moja tu. Alimsifu Ikangaa kuliko nilivyowahi kusikia akisifiwa nyumbani. Vijana waliokuwa dukani wao walitaka habari za Mtanzania Simbu, aliyeshinda marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa kuamuliwa na picha ya mstari wa mwisho, muda sawa na Mjerumani. Walidhani tunamfahamu.

Kisha mzee akaniuliza swali ambalo bado ninalo. "Bayi alikuwa anafanya mazoezi na nani?" Sikuwa na jibu. Najua mbio zake zote, lakini simulizi yetu inaanzia pale anaposhika mbele.

Siku moja tuliacha raba tukashuka Bonde la Kerio. Barabara inajikunja kama nyoka kutoka Iten, na ndani ya saa moja umeteremka zaidi ya mita elfu moja, masikio yanaziba, masweta yanavuliwa moja moja. Chini kuna joto la kwetu, miembe, mbuzi, asali kwenye chupa za soda. Pale Cheploch mto Kerio unabanwa na mawe marefu, na wavulana wanaruka kutoka juu kabisa. Tulikula maembe mpaka tukachoka.

Asubuhi ya mwisho nilikaa katikati ya kundi. Hakuna aliyezungumza. Kwenye mteremko wa kilomita ya nne mgongo uliokuwa mbele yangu ukashusha mkono, kidole chini. Nikakwepa, nami nikashusha mkono wangu kwa aliye nyuma.