Kumbukumbu ya mradi: mita ya spidi iliyokufa kwenye pikipiki ya cc 125

Breki ya drami mbele, tairi 2.75-17, mita ya kebo. Mshale haunyanyuki na kilomita hazihesabu.

Hilo la kilomita ndilo la kutazama kwanza. Ndani ya mita, kijiti kimoja huzungusha sumaku inayokokota kikombe cha alumini cha mshale, na hichohicho huzungusha gia za odomita (kihesabu kilomita). Kilomita zikihesabu huku mshale umelala, ubovu uko ndani ya mita. Mshale ukisoma huku kilomita zimesimama, gia ya odomita imeliwa. Vyote vikifa pamoja, shuka chini kwenye kebo na gia ya gurudumu inayoizungusha.

Kebo ilifunguliwa juu, gurudumu likazungushwa kwa mkono: waya wa ndani haukuzunguka. Ulipovutwa kikatoka kipande tu, umekatika chini. Mahali pa kukatika pasipuuzwe. Ukikatika juu, mara nyingi mita imekaza. Katikati, ganda la kebo limekunjwa. Chini, kagua gia. Ukifunga kebo mpya bila kuangalia hayo, jiandae kununua nyingine.

Na kweli gia ilikuwa inagoma. Oilsili (mpira wa kuziba maji na grisi) imepasuka, maji yameingia, grisi imekuwa tope jeupe. Viatu vya breki vilitolewa kwanza, gia ikaoshwa kwa petroli, oilsili ikabadilishwa, grisi ikapakwa kidogo tu. Ikizidi huishia kwenye breki. Ringi ya gia ina masikio mawili yanayoingia kwenye nafasi za habu (kitovu cha gurudumu). Gurudumu lizungushwe taratibu mpaka yaingie, ndipo ekseli ikazwe. Ukikaza kabla, yanapinda au kuvunjika. Ndiyo maana mita nyingi hufa siku ileile pancha ilipozibwa.

Kuhakikisha gia: mita hii inataka mizunguko 1400 ya kebo kwa kilomita, kipimo cha kawaida kwenye mita za Kijapani. Tairi lilitiwa alama ya chaki na kusukumwa: linakwenda mita 1.79 kwa mzunguko, yaani mizunguko kama 559 kwa kilomita. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara 10, waya uzunguke mara 25. Imetoka 25. Idadi ikiwa nyingine lakini haibadiliki, gia ni ya pikipiki ya rimu nyingine. Ikibadilikabadilika, meno yanaruka.

Kebo mpya imepakwa grisi nyepesi sehemu ya chini, sentimita 15 za juu zimeachwa kavu. Waya uliosokotwa hupandisha grisi kama parafujo. Ikifika kwenye kikombe mshale hunata, na pikipiki iliyosimama itasoma 40. Kebo isipite kwenye kona kali: geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, uangalie kama inavutwa.

Mita yenyewe ilipimwa kwa drili na kipande cha waya wa zamani chenye ncha ya mraba. Kwa mizunguko 1400 kwa dakika inapaswa kusoma kilomita 60 kwa saa. Imesoma 62, inatosha. Drili ikizunguka kinyume mshale haupandi, usidhani mita ni mbovu. Chini ya 20 mshale ulitetemeka, ukatulia baada ya tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kijiti. Springi nyembamba ya mshale haikuguswa. Ikipinda, mita imekwisha.

Umebaki mpira wa kuzuia maji chini ya mita, uliokauka. Utakatwa kutoka tyubu ya zamani.