Nilivyojifunza kupima mkono uliohamishiwa kano

Mgonjwa wa kwanza niliyempima baada ya upasuaji wa kuhamisha kano alikuwa mama muuza unga wa soko la Kadutu, hapa Bukavu. Alikuwa ameanguka kwenye pikipiki, akavunjika mfupa wa mkono wa juu, na neva ya radiali, ambayo huuzunguka mfupa huo na kuendesha misuli ya kuinua kiganja na kunyoosha vidole, ikakatika. Wapasuaji walishona kano ya pronata teresi, msuli unaogeuza kiganja chini, kwenye kano inayoinua kiganja, wakapeleka ya msuli unaokunja kiganja kwenye vidole, na ya palmarisi longusi, msuli mwembamba wa mkono wa chini, kwenye dole gumba. Miezi sita baadaye nilitoa goniomita, kifaa cha kupimia pembe za viungo, kiganja kikainuka digrii 40, nami nikaandika kwenye fishi: vizuri sana.

«Dokta,» akaniambia, «mkono unainuka, lakini kopo la kupimia unga linanishinda kulishika.»

Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilipima kiganja huku ngumi imefungwa. Vidole vyake vilinyooka kiganja kikiwa kimeinama tu; kilipoinuka, navyo vilijikunja. Wala huo haukuwa uzembe wa mpasuaji: msuli unaokunja kiganja husogea takriban milimita 33, ilhali kano za kunyoosha vidole huhitaji kama 50, na pengo hilo hujitokeza pale mtu anapofungua mkono ashike kitu kinene. Tangu siku hiyo napima vidole mara mbili, kiganja kikiwa kimenyooka na kikiwa kimeinuliwa, kisha nalinganisha na mkono wake wa pili usioumia.

Nguvu ya kushika, kwa kukosa dainamomita, kifaa chake maalumu, naipima kwa mkanda wa kipimo cha presha, uliokunjwa na kujazwa hewa hadi milimita 20 za zebaki.

Dodoso la DASH, ambalo mgonjwa hujaza kueleza anavyoweza kuutumia mkono wake, lilinisumbua zaidi. Lina maswali 30, na yakikosa majibu zaidi ya matatu alama haihesabiki; nani Kadutu atajibu kuhusu golfu au tenisi? Wagonjwa waliyaruka. Sikuthubutu kubuni maswali mapya, maana matokeo yasingelinganishika na ya kwingine. Baadaye niligundua kwamba swali lile la golfu limetaja pia kupiga nyundo. Sasa naanzia kwenye nyundo.

Yale maneno «vizuri sana» sikuyafuta kwenye fishi ya yule mama. Niliongeza chini yake: vidole havinyooki kiganja kikiinuka, anatumia kopo dogo.