Siku moja na mpunga pori, Dodoma

Saa 12 asubuhi nipo getini, upepo wa Dodoma unapiga vumbi usoni. "Mbukwenyi babu." Mlinzi ananitazama, "haya, umekuja kuchunga magugu yako?" Kweli bana, nalea kwenye ndoo mmea ambao wakulima wa Bahi wakiuona shambani wanang'oa kwa hasira.

Mpaka saa 3 ni maji tu. Namwaga hadi sakafuni, maana hewa ya huku kavu mno, maua yatakauka.

Saa 4 hadi saa 5 simu nazima. Maua ya mpunga yanafunguka muda mfupi na chavua inakufa ndani ya dakika chache, kwahiyo nakata shuke la baba, mpunga pori huu wanaouita Oryza longistaminata, nalikung'uta taratibu juu ya mama, SARO 5, mpunga wa kawaida wa shambani niliouhasi jana jioni, yaani nimeutoa sehemu za kiume, ili nipate chotara. Unga wa njano unadondoka, nafunika kibahasha fasta.

Saa 7 ubwabwa maharage kwa mama ntilie. Yeye ana shamba Bahi, akaniuliza "sasa mwanangu hilo pori lina faida gani, punje zenyewe zinapukutika kabla hujavuna?" Nikamwambia mama, kuna jeni inaitwa Xa21, inazuia ule ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, ilitoka kwa huyuhuyu, sampuli ya Mali. Akacheka, akaniongezea maharage.

Saa 8 maabara. Ukizipandisha hizi mbili kiinitete mara nyingi kinakufa tumboni mwa punje, so zile punje nilizopandisha wiki mbili zilizopita nazipasua, nakitoa nakiweka kwenye chupa ya chakula chake. Kadogo balaa, ukipiga chafya kwaheri.

Saa 10 kuhasi, hapa ndo mgongo unakoma. Kila kiua kina stameni 6, ndizo sehemu za kiume zenye chavua, unakata ncha ya ganda unazichomoa zote kwa kibanio, ukisahau moja tu mama anajizalisha mwenyewe na wewe utajisifu umepata chotara kumbe SARO ileile. Leo mashuke matatu nimeyatupa, nilisahau kuandika lebo nikabaki nabahatisha, na mimi kubahatisha sitaki.

Saa 12 nafunga. Nafika getini babu ananyooshea kidole soksi yangu, punje mbili za pori zimening'inia na vinywele vyake. Nikarudi ndani kuzikung'uta, zisije zikafika Bahi mama ntilie akaninyima ubwabwa.