Kumbukumbu ya friji la mtumba: bomba la maji limeganda

Jumamosi

Maji yamejaa tena kwenye droo ya mboga. Majirani hapa Sakina wanasema ni baridi ya Julai. Arusha inapiga baridi kweli, lakini si ya kugandisha bomba ndani ya nyumba. Barafu hii inatoka kwenye friji lenyewe.

Friji hili ni la aina inayojiyeyusha barafu. Kila baada ya saa kadhaa hita inawaka nyuma ya friza, maji yanadondokea kwenye trei, yanapita kwenye kitundu na kushuka kwa bomba jembamba hadi kwenye beseni dogo juu ya kompresa. Huko joto la kompresa linayakausha. Kitundu kikiziba, maji yanamwagikia ndani.

Nimechomoa umeme na kufungua kava ya nyuma. Trei yote ni barafu ngumu, kitundu hakionekani. Tafadhali, usigonge kwa bisibisi! Mirija iliyo juu yake ni aluminiamu laini. Ukiitoboa, gesi yote imekwenda. Nimetumia bomba la sindano na maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kidogo kidogo, hadi yakaacha kurudi juu na trei ikakauka yenyewe.

Jumapili

Kuzibua tu hakutoshi, kutaganda tena. Uingereza boila za kupasha nyumba zina tatizo hilihili: bomba la kutoa maji likipita nje huganda, maji yanarudi, boila inajizima. Baridi ya Desemba 2010 iliwatesa sana. Mafundi wao hufupisha bomba la nje, huweka nene zaidi, hulivika sponji na kulipa mteremko wa kama milimita 45 kwa kila mita.

Bomba langu siwezi kulinenepesha, ila mteremko naumudu: nimepandisha miguu ya mbele ya friji kidogo, trei ielekee nyuma. Kisha nimemenya waya wa umeme wa shaba wa milimita mraba 2.5, ncha moja nikaizungushia ganda la chuma la hita, nyingine inaning'inia kitunduni. Hita ikiwaka, shaba inashusha joto hadi ndani ya bomba. Kazi hii inanifurahisha kuliko zote nilizolifanyia friji hili.

Jumatano

Droo ni kavu, beseni la kompresa lina maji. Yanapita.

Sasa ni zamu ya raba ya mlango. Karatasi niliyoibana upande wa bawaba inachomoka bila raba kuishika, kwa hiyo hewa yenye unyevu inaingia na kuongeza barafu.